Biskuti za Sungura Hazitiwi Sukari

Rukia mwanangu,

Umetoka kwenda Raskazone kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hakuachii mpaka umekula, umefungiwa na vya kuchukua, na umeusiwa mpaka masikio yamechoka. Basi nimepata nafasi. Begi lako liko hapa mlangoni, limejaa hata zipu haitaki kufunga, na kesho asubuhi utapanda basi la Mbeya. Mimi nimekaa jikoni juu ya mbuzi ya kukunia nazi, karatasi nimeiweka juu ya sinia, sinia juu ya magoti. Mwandiko ukipinda usinicheke.

Haya ningekwambia kwa mdomo, lakini mimi na wewe tunajuana. Nikianza tu utasema, "Yaishe, mama," na mimi nitasema yameisha, kisha tutaanza kuzungumza habari za blanketi. Ndivyo tulivyoishi mwaka huu wote.

Sikuusii kuhusu baridi ya huko, wala wanaume, wala sala. Shangazi yako atakuwa ameyamaliza yote. Isitoshe, safari hii mwenye kuusia ni wewe. Tangu juzi unanifuata nyumba nzima na habari za sungura wako. Mama, Ubani apewe majani makavu kwanza. Mama, maji yake yasilale. Mama, biskuti moja tu, tena umkatie nusu asubuhi na nusu jioni. Kuhusu sukari hukusema kitu. Uliniangalia mimi, ukaliangalia kopo la sukari, ukaenda kukunja nguo zako. Nililiona jicho lile, na ndilo lililonifanya nitafute karatasi.

Siku aliyokufa Karafuu uliniambia neno. Ulisema, "Umemuua kama ulivyomuua baba." Hukupiga kelele. Ulilisema taratibu, umempakata yule sungura kwenye kanga yangu, kisha ukatoka uani kumchimbia shimo. Tangu siku hiyo tumezungumza mambo mengi, matokeo yako ya mtihani, chuo cha mifugo, harusi za watu na misiba ya watu. Neno lile tumelizunguka kama watu wanavyozunguka shimo la choo lililobomoka uani, kila mtu anajua lilipo na hakuna anayelitaja. Sitaki upande basi nalo. Barua hii ni kwa ajili ya hilo tu.

Nianze na wale sungura, maana hawakuja kwa sababu ulitaka sungura. Walikuja baada ya arobaini ya baba yako. Ulikuwa umeingia kidato cha kwanza na ulikuwa huzungumzi. Unaitika shikamoo za watu wadogo, unajibu ukiulizwa, basi. Mama Neema, jirani yetu ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, alikuwa amerudi kwao Lushoto kuwasalimia wazazi, akaja na kikapu kimefunikwa kitambaa.

"Mama Rukia," akaniambia, "mtoto akinyamaza hivi mpe kitu cha kukishika."

"Sungura? Mimi nitawatia wapi, Mama Neema?"

"Watakaa tu. Hawa hawana maneno."

Nikakasirika kidogo, sikufichi. Nilikuwa na eda yangu na huzuni yangu, na sasa napewa wanyama wa kuwafagilia. Lakini wewe ulikuja ukapiga magoti, ukautia mkono kikapuni, na hukuutoa mpaka magharibi. Yule wa kahawia ukamwita Karafuu, kwa kuwa alikuwa na rangi ya karafuu iliyoanikwa ikakauka, na baba yako alikuwa Mpemba. Hilo la pili hukunieleza na sikuuliza. Yule mweupe ukamwita Ubani.

Halafu ukaja na habari za biskuti. Ulikuwa umeona kwenye simu watu wa nchi za mbali wanawaokea sungura wao. Nikacheka. Nikakwambia watu wa mtaa wetu huu wa Usagara watatucheka mpaka wachoke, kwamba nyumba ya marehemu fundi Kombo sasa inaoka biskuti za panya wakubwa. Na kweli walicheka, wale watoto wa uchochoroni walikuwa wakichungulia kwenye mabati wakiuliza kama na kuku wetu wanakunywa chai. Lakini uliniomba nikufundishe moto. Tangu tumzike baba yako hukuwa umeniomba kitu chochote, hata chumvi. Nikaenda kuwasha jiko.

Hukuwa unajua kupalia. Ulikuwa unarundika makaa chini, kama watoto wote, kwa hiyo za kwanza ziliungua tumbo na mgongo ukabaki mbichi. Nikakuonyesha kama nilivyoonyeshwa mimi na mama yangu kwa mkate wa kumimina, kwamba makaa ya chini yawe haba na ya juu ya mfuniko yawe mengi, na kwamba mtu hafunuifunui kila mara kwa haraka zake. Wewe ukaleta vyako. Mchunga, ile mboga chungu, uliouanika juu ya bati mpaka ukawa unavunjika, ukautwanga kwenye kinu changu cha viungo, na kinu kikanuka uchungu mwezi mzima. Karoti za Mama Neema ulizozikwangua. Unga wa oti kidogo. Ndizi mbivu kipande cha kidole, ya kushikanisha tu, ndivyo ulivyosisitiza. Ukasukuma, ukakata kwa kifuniko cha chupa, tukaoka mpaka zikakauka zikawa zinagonga zikianguka siniani.

Nikaonja moja. Ilikuwa kama kutafuna ukili wa mkeka.

"Hii si biskuti, mwanangu. Hii ni adhabu."

Ukacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chako kilivyo. Kumbe unacheka kwa pua, kama yeye. Nilikwenda chumbani nikajifanya natafuta kiberiti.

Zile Jumamosi zilikuwa nzuri, Rukia. Sidhani kama uliwahi kujua zilivyokuwa kwangu. Wiki nzima nilikuwa nakaanga visheti vya harusi za watu, nacheka na wateja, na ndani nimekauka. Jumamosi alasiri tunakaa sisi wawili kwenye vigoda, moto juu na chini, hatusemi mengi. Nikakuona unarudi kidogo kidogo. Mimi ndiye niliyekuja kuharibu.

Ile biskuti isiyo na sukari ilikuwa inanikera. Nilikuwa naona aibu kumpa kiumbe kitu kama kile na kukiita biskuti. Uelewe nilikotoka. Nimezaliwa Muheza, kwa Wabondei, katika nyumba ambayo mtu hakuondoka bila kuonja. Bibi yako alikuwa akimfuata mgeni mpaka barabarani na kisahani. "Onja japo kidogo." Ukikataa umemdharau. Na kuonja kwetu si kula, hilo wewe unalijua, umekua nalo. Aliyeshiba anaonja. Aliyekatazwa na daktari anaonja. Hata mwezi wa Ramadhani, mpishi aliyefunga anagusisha mchuzi kwenye ncha ya ulimi ili ajue chumvi, anatema, na saumu yake haina neno. Basi sisi tumelichukua lile la mchuzi tukalitia kila mahali. Tukishasema "naonja tu" ni kama tumbo halipo.

Sikukuu ya Idi ya mwaka jana nilikuwa nimetengeneza visheti, na mikate ya kumimina, na nazi imebaki. Wewe ulikwenda kwa wenzako. Nikawatazama wale sungura wawili wanatafuna majani siku ya Idi, nikasema moyoni, hata hawa? Nikachukua unga wako, nikautia sukari, nikautia nazi na hiliki, nikapalia. Harufu ilijaa ua mzima. Ubani alinusa akageuka, yule hakuwahi kuniamini. Karafuu alikula mbio, akanifuata mguuni akitaka nyingine. Nikampa. Akataka tena, nikampa. Nilifurahi mno. Ilikuwa mara ya kwanza kiumbe kuja kwangu badala ya kukukimbilia wewe.

Uliporudi jioni alikuwa amejikunyata pembeni, anasaga meno, tumbo limekaza. Majani hataki, maji hataki, kinyesi hakuna. Ulimkanda tumbo usiku kucha. Mimi nilikuwa mlangoni, nikikuuliza kama nichemshe maji, na maji yenyewe sijui ya nini. Kesho yake kabla ya adhuhuri alikufa.

"Mama, umempa nini?"

"Nimemwonjesha tu."

Hapo ndipo ulipolisema neno lile. Na ulikuwa na haki ya kulisema kwa namna ile, maana "nimemwonjesha tu" ulikuwa umeisikia nyumbani humu kabla sungura hawajaja.

Sasa nikwambie habari za baba yako, kwa upande wangu.

Alipoambiwa ana sukari nilidhani ni jambo jepesi. Ugonjwa una jina la kitu kilichomo kwenye kopo, basi nifunge kopo. Chai yake nikaipika bila sukari, wali nikaupunguza, akanywa na akala na akanyamaza. Lakini kazi yangu ni visheti, Rukia. Shira ya sukari inachemka humu ndani tangu asubuhi, na yeye yuko barazani na cherehani yake, ukuta mmoja. Akaanza kuja jikoni. "Mama Rukia, nipe hicho kilichovunjika. Naonja tu, sili." Kilichovunjika hakiuziki, kwa hiyo hata mimi nilikiona kama si kitu. Nikampa. Baadaye nikajikuta navunja mwenyewe.

Nilijua. Nisijifanye mjinga mbele yako. Macho yalikuwa yanakwenda, wewe ndiye uliyekuwa ukimtungia uzi kwenye sindano. Kiatu kikamchubua kidole, kidonda kikakataa kupona, tukakifunga na kukifungua miezi na miezi. Nilikuwa namsafisha kidonda kwa mkono huu, kisha kwa mkono huu huu nampa kisheti. Hospitali walitukaripia wote wawili. Tukirudi njiani ananiambia, "Wale wanataka nife na njaa." Nami nacheka naye.

Unataka kujua kwa nini nilimpa. Nimekaa na swali hilo kuliko unavyodhani. Watu watasema ni mapenzi, na shangazi yako amenitetea hivyo mara nyingi. Si mapenzi, au si hayo peke yake. Nilipomnyima alikuwa akinitazama kama askari jela, na mimi nilitaka anitazame kama mke wake. Tena mtu unayemnyima inabidi ukae naye. Ukishamwambia hapana huwezi kumwacha peke yake na ile hapana, lazima uketi, umshike mkono, umsikilize akilalamika, akutukane ikibidi. Mimi nilikuwa na oda za watu. Kisheti kimoja kilikuwa kinaninunulia ruhusa ya kurudi jikoni.

Hilo ndilo ninalolijua, na nimelijua kwa kuchelewa. Sijui kama litakufaa. Unakwenda kusomea kutibu wanyama, na watakuja watu wamebeba mbuzi, wamebeba mbwa, wamebeba sungura, na wengi wao watakuwa wamewadhuru kwa mikono iliyokuwa inafurahi. Usiwakaripie kwanza. Muulize mtu amempa nini, kisha nyamaza, mpe muda, maana jibu la kwanza litakuwa la uongo. La pili ndilo. Mimi ungenipa muda siku ile ningekwambia kuhusu nazi na hiliki na jinsi Karafuu alivyonifuata mguuni. Sikulaumu. Ulikuwa na sungura aliyekufa mapajani.

Baada ya msiba wa baba yako yalitokea mengine ambayo wewe huyajui. Mama Neema alikuja siku moja, nikiwa ndani ya eda, akakaa chini akalia mpaka nikashangaa, maana kilio kilikuwa kimeshapita. Akasema, "Mama Rukia, mimi nilikuwa nampa chai ya maziwa kila akipita, na sukari yake. Alisema anaonja tu. Alisema kwako amenyimwa kabisa." Haikupita muda shangazi yako naye akaanza kuzungukazunguka maneno, kumbe alikuwa akimletea halua, anaifunga kwenye karatasi, anamtia mfukoni mwa shati. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake mwenye huruma. Baba yako alitugawa, mwanangu. Kila mtu na kijisehemu chake cha kuonjesha, na kila mtu na siri yake.

Nilikaa eda nzima nimemkasirikia. Wanawake wanakuja kunipa pole, wananiona nimeinamisha kichwa, wanasema masikini, anamlilia mumewe. Nilikuwa namgombeza. Bado namgombeza wakati mwingine, nikiwa peke yangu na shira, na kisha namkumbuka mpaka nasahau kuikoroga. Vyote viwili kwa pamoja, na sikutegemea kwamba vinaweza kukaa mahali pamoja muda wote huu.

Sasa nafika pale ambapo miaka yote hii sikutaka kufika. Kaa chini kama umesimama.

Mwisho kabisa, siku ile kabla hatujamkimbiza hospitali, mimi nilikuwa nimekwenda Muheza kwenye maziko. Ulirudi kutoka shule ukamkuta amelala barazani. Akakutuma dukani kwa Mangi ukamletee soda ya machungwa, ya baridi. Ukaleta. Mkafunga mlango, mkaimimina kwenye kikombe kimoja, mkapokezana, mnacheka msisikike na Mama Neema. Asubuhi yake hakuamka vizuri.

Ninajua kwa sababu aliniambia. Alikuwa kitandani pale wodini, ulimi mzito, lakini alikuwa anatabasamu. "Rukia kanionjesha soda," akasema. "Usimgombeze. Alifurahi sana yule mtoto." Kisha akasema, "Na usimwambie kama nimekwambia." Ndiyo maneno ya mwisho ya maana niliyoyasikia kwake. Nimemtii mpaka leo, na leo namvunjia amri, anisamehe huko aliko.

Tangu wakati huo hujagusa soda. Harusini unapewa chupa, unaishika mpaka inapata moto, kisha unampa mtoto wa mtu. Watu wanakusifu unajali afya. Mimi nilikuwa nakutazama kutoka upande wa wapishi, na kila harusi nilijiambia nitakwambia tukifika nyumbani. Tukifika nyumbani nakuona umechoka, au nimechoka mimi.

Kwa hiyo siku ile ya Karafuu nilikusikia vizuri kuliko ulivyodhani. Uliniambia mimi, na sehemu yangu niliipokea, ni yangu. Lakini nilisikia pia unajiambia mwenyewe. Ndiyo maana sikujibu neno. Nilikuwa na la kujibu, la kujitetea, nalo lilikuwa hili hili la soda, na ningekufa kabla ya kulitumia hivyo. Leo silitumii kujitetea. Nakupa kwa sababu nina jibu lake, na unakwenda mbali, na sitaki ulibebe huko kwenye baridi peke yako.

Nilimuuliza daktari. Alikuwa kijana tu, macho mekundu kwa kukesha, ananiandikia karatasi za kumchukua marehemu. Nikamwambia, "Daktari, mtu mwenye sukari akinywa soda mara moja, siku moja, inaweza kumuua?" Akaweka kalamu chini. Akaniambia, "Mama, si soda. Kile kidonda cha mguuni kilishaoza ndani kwa ndani, na sumu yake ilikuwa imekwisha kuingia kwenye damu. Hata angekunywa maji matupu siku ile, angefika hapa hapa." Nikamwomba arudie. Akarudia, polepole, kama mtu anayemsomesha mtoto. Basi nakurudishia kama nilivyopewa. Si wewe, Rukia. Wewe ulikuwa mtoto uliyetumwa dukani na baba yako, na ulimfurahisha.

Alipomaliza akaniuliza kama nina swali jingine. Nilikuwa nalo. Lilikuwa la visheti vyote vile, vya tangu mwanzo, hata kabla ya kidonda. Lilifika mpaka kwenye meno.

Nikasema sina.

Mama yako,
Usagara, Tanga